Cheti cha Kosha

Mama yangu mdogo alifukuzwa kazi kwa sababu alijibu swali aliloulizwa. Naanza na hilo kwa kuwa habari hii nimeshaisikia Tunduma ikisimuliwa kwa namna nyingi, na katika zote yeye anatokea kama mama fulani wa shamba aliyeshindwa kufunga mdomo. Mimi nilikuwepo. Swali lilipita mdomoni mwangu, jibu nalo likapita mdomoni mwangu, kwa hiyo nina haki ya kusimulia, na sina mpango wa kusimulia kwa upole.

Nilikuwa karani kwa wakala wa forodha, hapa hapa mpakani, kazi ya kushinda na madereva wa malori ambao kila mmoja alitaka awe ameshavuka kwenda Nakonde jana. Kiingereza nilikipata shuleni kidogo, kikanyooka kwa Wazambia. Mtu wa mjini akipata mgeni asiyejua Kiswahili, aliniita nikatafsiri. Ndivyo nilivyojuana na mwenye kiwanda cha ufuta, ambaye humu nitamwita bosi tu, maana ndivyo alivyopenda kuitwa hata na watu wasiofanya kazi kwake.

Neno kiwanda lisikudanganye. Lilikuwa jengo la matofali lililoezekwa bati, nyuma ya maegesho ya malori, lenye mashine mbili za kusaga na ghala. Ufuta ulitoka bondeni Momba, kwa wafugaji waliohamia huko na ng'ombe wao wakaanza na kulima. Kiwandani ulipepetwa, ukaoshwa, ukakaangwa, ukasagwa mpaka ukawa rojo zito la rangi ya mchanga. Wazungu na Waarabu wanapaka kwenye mkate na kuchanganyia mboga, wanaita tahini. Sisi tulikuwa tunalamba kidole tu.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa kwenye kikaango. Kikaango chenyewe kilikuwa bamba la chuma nene ambalo fundi wa kuchomelea alilikunja kingo zake likawa kama karai pana, limekaa juu ya tanuri la mkaa. Alikuwa hapo kabla ya jengo, kabla ya mashine, wakati bosi ana turubai na gunia moja la ufuta. Ndiye aliyenilea Itaka mama yangu alipofariki, na alipokuja Tunduma kutafuta kazi alikuja kwa ajili ya ada yangu. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini nina hasira ya miaka, jibu ndilo hilo.

Basi mnunuzi mmoja wa Afrika Kusini akapenda rojo la bosi, akasema atachukua mzigo wote, lakini apate kwanza cheti kwamba chakula hicho kinafuata sheria ya Wayahudi. Bosi hakujua hata aanzie wapi. Akaleta mshauri kutoka Dar, kijana mwenye kompyuta na viatu vyenye ncha, akawakusanya wanawake wote wa kiwandani chini ya bati na kuwafundisha kutwa nzima. Nilipita jioni kumchukua mama mdogo nikakuta ukutani kumebandikwa karatasi kubwa: KOSHA KWANZA.

Nikauliza kosha ndiyo nini. Mshauri akanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni cheti cha kosha, na neno lenyewe linajieleza, dada yangu, ni kukosha. Usafi. Wayahudi wanapenda usafi.

Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile damu inanipanda. Mtu amesafiri kutoka Dar, amelala hoteli, amekula, amelipwa, na alichofanya ni kusikia neno la Kiebrania na kulishikisha dodoki. Tena kosa hilo lingeweza kurekebishwa mapema, maana nilisema. Niliketi na simu nikasoma, nikarudi kwa bosi siku iliyofuata. Nikamweleza kwamba neno hilo kwao maana yake ni kitu kinachofaa, kilichoruhusiwa. Kwamba chombo kinaweza kung'aa kama kioo na bado kisifae kwao, kwa sababu ya kilichopikwa ndani yake. Kwamba nguruwe hawali, na wadudu hawali, na samaki asiye na magamba hawali, na nyama na maziwa havikai sufuria moja. Bosi alinisikiliza huku anajibu ujumbe kwenye simu. Akasema, "Dada, wewe kazi yako kutafsiri. Utaalamu tumeshalipia."

Wiki ile wanawake walikosha. Walikosha sakafu, kuta, madirisha, mizani, ngazi. Kikaango kilisuguliwa kwa mchanga na steliwaya mpaka mama mdogo akaja nyumbani vidole vimechunika, hawezi kushika ugali. Gari la maji lililetwa. Vitambaa vya kichwa vilinunuliwa vipya. Mmoja wao alinitania kwamba Wayahudi wakishapita, Tunduma nzima hakutabaki sabuni. Walicheka sana siku zile, na mimi nilicheka nao, ingawa ndani nilikuwa nachemka.

Bosi alimaliza maandalizi kwa agizo moja. Aliwasimamisha wote akawaambia mgeni atakayekuja kutoka kusini kukagua kwa ajili ya cheti akiuliza chochote, humu kinakaangwa ufuta tu. Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, ufuta tu. Na atakayejifanya anajua kuongea, mlango anauona.

Nisingeweza kuwaacha hivyo. Siku moja kabla ya mgeni nilikwenda wakati wa chai, bosi akiwa benki, nikakaa nao kwenye magunia. Nilitafuta neno la kuwaeleza, nikalikosa, nikataja halali, wakasema kama halali si wangeitwa Waislamu wa msikiti wa stendi waje wakague. Ndipo nikasema, "Ni mwiko. Hawa watu wana mwiko wao wa chakula, wameushika tangu mababu, na mgeni anakuja kuangalia kama vyombo vyetu vimegusa mwiko."

Hapo hapo wakaelewa. Mshauri alishinda na kompyuta na picha za ukutani, hakufika hapo. Mama mmoja Msabato akasema kumbe, sisi haya tunayajua, kambale hana magamba, mimi nyumbani kwangu hapiti, na akaanza kuwapa somo wenzake waliokuwa wanamcheka miaka yote kwa kukataa kitimoto. Mama mdogo naye akasimulia. Kwao, ukoo wa upande wa bibi yake, hawali pongo, yule swala wa porini. Bibi yake aliwahi kulishwa pongo kwenye harusi, akaambiwa ni mbuzi, kwa mzaha tu, watu wapate kucheka. Hakuna kilichomtokea mwilini. Ila hakuwahi tena kula kwa mtu, mpaka anakufa, akienda msibani alifunga chakula chake kwenye kitambaa.

"Mtu akikuuliza habari za sufuria kwa ajili ya mwiko wake," mama mdogo akasema, "hapo humdanganyi. Bora umnyime chakula."

Wenzake wakaitikia. Hakuna aliyeona kwamba amesema jambo kubwa. Wakakung'uta vikombe wakarudi kazini, na mimi nikarudi kwa madereva wangu.

Mgeni alifika na teksi kutoka uwanja wa ndege wa Songwe, amechoka, maana malori yalikuwa yameziba barabara kuanzia Mlowo. Alikuwa rabi, mtu wa makamo mwenye ndevu nyembamba na buti za kazi, na mfuko ambao baadaye tuligundua una sufuria yake mwenyewe, jiko dogo la gesi, mayai na mkate. Mama mdogo, ambaye kwake yeye kila mgeni anayetoka kusini ni mtu wa Zambia mpaka athibitike vingine, alimpokea kwa salamu ya ng'ambo ya mpaka, "Mulishani," na yule mzee akainamisha kichwa akaitikia kwa neno la kwao. Wakapendana hapo hapo.

Aibu ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Bosi alichinjisha mbuzi kwa jirani Mwislamu, akiamini ameua ndege wote kwa jiwe moja, akaandaa meza na chai ya maziwa. Rabi alishukuru, akasema hawezi. Nikatafsiri: kwao mchinjaji lazima awe mtu wao aliyesomea, kisu kisiwe na hata pengo la kushika ukucha, na damu itolewe yote, nyama ilowekwe na kutiwa chumvi. Chai ya maziwa vilevile hakuitaka. Akaomba maji ya moto akayatia kwenye kikombe chake. Bosi uso ulimshuka. Alininong'oneza kwamba mgeni ana dharau, nikamwambia hana dharau, ana sheria, na hayo nilikueleza. Mama mdogo yeye alitoka nje akarudi na ndizi mbivu hazijamenywa, akaziweka mbele ya mzee. Hizo alikula. Tunda zima halina shida kwao.

Kisha akaanza kazi, na nilijifunza kwake mengi kuliko nilivyosoma kwenye simu. Alimwaga ufuta kwenye sinia jeupe, akautandaza chini ya mwanga, akakaa kuutazama kwa muda mrefu akitafuta wadudu, kama mama anayechambua mchele, ila bila kuongea umbea. Akaniambia watu wengi hudhani nguruwe ndiye jambo kubwa, kumbe kwenye nafaka na mbegu mdudu ndiye anayewasumbua zaidi. Aliingiza tochi kwenye mashine. Aliuliza mafuta ya kulainishia mashine yanatengenezwa na nini, sabuni inatengenezwa na nini. Aliuliza kama magunia yamewahi kubeba kitu kingine. Ukuta uliopakwa rangi hakuutazama hata kidogo, wala hakugusa sakafu. Bosi alikuwa anamwonyesha madirisha. Niliona haya kutafsiri madirisha, lakini nilitafsiri.

Tukafika kwenye kikaango. Kiling'aa. Rabi alikizunguka, akaweka kiganja juu ya ukingo, akamgeukia mama mdogo, si bosi. Akauliza, na mimi nikauliza kwa Kiswahili: "Mama, tangu chuma hiki kiwekwe hapa, kimewahi kukaanga kitu gani kingine zaidi ya ufuta?"

Bosi alikuwa amesimama nyuma ya mgeni. Alitikisa kichwa mara moja, polepole.

Mama mdogo alimtazama rabi usoni. "Kumbikumbi," akasema. "Mvua za kwanza zikinyesha wanatoka hapo kwenye kichuguu nyuma ya ghala, tunawakaanga mchana, tunakula wote. Na nguruwe. Siku bosi alipoezeka bati alifanya sherehe, nguruwe wawili walikaangwa hapa. Mimi ndiye niliyegeuza."

Sasa bosi Kiingereza alikisikia kidogo, hakukiongea. Alijua mgeni bado hajapata kitu. Akatabasamu, tabasamu la kumwonyesha mgeni, akaniambia kwa Kiswahili kwa sauti tamu, kama anayemsifia mama mdogo, "Mwambie mama anasema ni ufuta tu. Usiniangushe, dada."

Nataka niseme wazi nilivyojisikia, kwa kuwa watu huniuliza kama niliogopa. Sikuogopa. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada. Yule mwanamke amesimama pale na vidole vyake vilivyochunika, amesema kweli mbele ya mtu mwenye mwiko wake, na huyu anataka niichukue kweli ile mdomoni mwake niitupe, niweke uongo mahali pake, halafu mgeni aondoke akidhani uongo ule umetoka kwa mama mdogo. Bosi angekuwa anadanganya kwa sura ya mama yule. Nilitafsiri neno kwa neno. Kumbikumbi nilikosa Kiingereza chake, nikachora bawa kwa vidole. Nguruwe sikukosa.

Bosi aliliacha tabasamu usoni kwa vile hakujua aliweke wapi.

Rabi wala hakukunja uso. Alimshukuru mama mdogo, akasema swali hilo ameliuliza viwanda vingi na mara nyingi hujibiwa ufuta tu, karanga tu, kahawa tu, na akitoka hapo hana raha. Kisha akaeleza. Sufuria iliyopika kwa maji, kwao hutakaswa kwa maji yanayochemka. Chombo kilichokaanga au kuchoma kwa moto mkavu, maji hayakifai kitu, hata ukikisugua mpaka kesho. Kilichoingia kwa moto kinatoka kwa moto. Kikaango kitachomwa mpaka kiwe chekundu. Mwiko wa mbao utupwe, ununuliwe mwingine. Baada ya hapo hakuna tatizo.

Mmesikia? Hakuna tatizo. Alisema hivyo, na nilitafsiri kwa sauti wote wasikie.

Kesho yake aliitwa fundi wa kuchomelea na mitungi yake, tanuri likajazwa mkaa mpaka juu, na rabi mwenyewe akavua koti akasimamia. Bamba lilichomwa kipande kwa kipande, chuma kikaiva kikawa kama jua la jioni, jasho likatutoka sote. Wanawake walikuja kuangalia wakiwa wamekunja mikono. Ile kazi ya wiki nzima ya steliwaya, ilikuwa ya bure. Mshauri wa Dar wakati huo alikuwa ameshapokea fedha yake na simu hapokei.

Kabla ya kuondoka rabi aliniomba nimwambie bosi jambo moja mbele ya mama mdogo. Kwamba yeye anakaa mbali, hawezi kuja kila mwezi. Kwamba cheti anachotoa kinasimama juu ya mtu mmoja ndani ya kiwanda anayeweza kupigiwa simu na kujibu ilivyo. Amemchagua huyu mama. Bosi akasema hakuna shida kabisa, mama huyu ndiye nguzo yetu, ni kama mama yangu mzazi. Akamshika mama mdogo bega. Nilitafsiri hilo nalo.

Teksi haikuwa imefika hata Vwawa nadhani. Bosi alimwita mama mdogo ofisini, mlango wazi, mimi nikiwa naaga wenzake. "Umenivua nguo mbele ya mgeni," akamwambia. "Nilikataza. Chukua vyako." Mama mdogo akamuuliza kama cheti kimekataliwa. Akajibu cheti hakijakataliwa, ila heshima yake imeondoka. Nguruwe alimla yeye, sherehe ilikuwa yake, bati ni lake, na bado aliyevunja heshima akawa aliyegeuza nyama kwa kutumwa.

Nilimfuata bosi nikasema maneno ambayo sitayaandika. Hayakusaidia. Mama mdogo alinivuta mkono tukatoka. Alikuwa amevaa bado kile kitambaa kipya cha kichwa. Akakivua, akamrudishia mlinzi getini.

Cheti kilikuja. Kikawekwa fremu. Alama ikachapwa kwenye makopo, malori yakapakia, na wanawake waliobaki wakaongezwa mshahara. Sikuwalaumu. Mama mdogo akajaribu kuuza maandazi stendi, miguu ikamshinda, akarudi Itaka. Akawa analima kibarua kwenye kahawa za watu, umri ule, magoti yale. Nikipanda kumsalimia nilimkuta amekaa kizingitini anajikanda kwa maji ya moto. Nilimwambia aje akae kwangu, akasema atakuja akishindwa kabisa. Hakuwahi kumtukana bosi. Mimi nilifanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Mwaka uliofuata bosi akanipigia. Sauti ya asali. Rabi atapiga simu siku hiyo mchana, ana maswali yake ya kila mwaka, hebu njoo utafsiri. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona atafanyaje. Nilikuta amemwandaa mwanamke mwingine, mpole, mgeni katika mji, ametoka Galula na mtoto mgongoni. Amemkalisha karibu na simu. Akaniambia, "Wewe mwambie tu ndiye yule mama. Sauti kwenye simu nani anaijua?"

Nikamtazama yule dada. Alikuwa anatazama sakafu. Simu ikalia, bosi akaiweka sauti ya juu. Rabi akasalimia, na salamu yake ilikuwa "Mulishani." Alikuwa ameikumbuka. Akacheka kidogo akingoja ajibiwe.

Nikamjibu mimi. Nikamwambia mama yule hayupo hapa, aliyewekwa kwenye simu ni mwingine, na hana kosa, ametumwa. Nikamwambia alifukuzwa siku ile ile wewe ulipoondoka. Akauliza kwa nini. Nikasema, kwa sababu alikujibu.

Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema basi pale hana mtu wa kumuuliza, na bila mtu wa kumuuliza yeye hawezi kuweka alama yake kwenye kopo. Akaniomba nimwambie bosi kwamba mama akirudishwa, ampigie. Nilimwambia bosi. Ilikuwa tafsiri fupi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mnunuzi akasimamisha mzigo. Wanawake wakapunguzwa zamu. Wale wale niliokaa nao kwenye magunia nikawa nikipita sokoni wananipa mgongo, na mmoja, yule Msabato, akaniambia usoni kwamba mimi na mama yangu tunajua kusema kweli kwa sababu hatuna watoto wa shule. Iliniuma. Inaniuma bado, kwa sababu ada ya mtoto ndiyo iliyomleta mama mdogo Tunduma, na mtoto mwenyewe ni mimi. Lakini hasira yangu sikuihamishia kwao. Najua inapokaa.

Bosi alikwenda Itaka mwenyewe. Mama mdogo aliponiambia anakuja nilipanda gari asubuhi nikawahi. Alifika na gari lake limejaa vumbi, akashusha sukari, sabuni, kitenge, mafuta ya kula. Akaketi kwenye kigoda. Akampa shikamoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kiwandani. Akamwambia anamtaka arudi, mshahara mkubwa kuliko wa kwanza, kazi ya kukaa, hata kikaango asishike, kazi yake iwe simu tu.

Mama mdogo alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua mpaka bosi alipomaliza kusema.

"Nitarudi," akasema. "Magoti yangu yanataka nirudi. Ila siku hiyo uwaite wote, uwaambie ulinifukuza kwa kosa gani."

Bosi akacheka kidogo. "Mama, hayo ya zamani. Yaishe."

"Yataisha ukiyasema."

"Nitakuongezea na nauli ya kila mwezi uje huku nyumbani."

"Sijakuomba nauli, baba. Useme tu lile neno. Nilikosa nini?"

Alifungua mdomo. Nililiona jibu limefika, maana halikuwa gumu, lilikuwa sentensi moja ambayo hata mtoto wa chekechea angeisema: hukukosa kitu. Akaufunga. Akageuka akanitazama mimi, kama alivyozoea, akisubiri niyachukue yaliyomkwama niyaseme vizuri upande wa pili. Lakini tulikuwa watu watatu tunaozungumza Kiswahili, tumekaa uani Itaka, na hakukuwa na upande wa pili.

Bosi akainuka, akajipangusa suruali, akamwambia dereva awashe gari. Kiwanda bado kipo na kinauza ufuta sokoni Tunduma kwa bei ya kawaida, bila alama yoyote kwenye kopo. Mama mdogo bado analima kahawa za watu.